Moja, Mbili na Nane: Skripti za Windows na Historia ya Faili la Maandishi

Kwenye kompyuta yoyote ya Windows ya leo, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika copy con barua.txt, kisha bonyeza Enter. Mashine itanyamaza ikikusubiri. Andika unachotaka, mstari baada ya mstari. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na Z kwa pamoja, halafu Enter tena. Faili limeshaandikwa. Hukufungua Word wala Notepad. Umeiagiza mashine inakili kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye diski, basi.

Hiyo Ctrl-Z ni kongwe kuliko Windows yenyewe. Mwaka 1974, huko California, Gary Kildall aliandika mfumo endeshi uitwao CP/M. Mfumo huo haukujua urefu kamili wa faili. Ulihesabu vipande tu, kila kipande baiti 128, kwa hiyo barua yenye herufi 130 ilihesabiwa kuwa vipande viwili, na sehemu kubwa ya kipande cha pili ikabaki na takataka. Ili programu ijue maandishi yanakomea wapi, iliwekwa alama maalumu, namba 26, ambayo kwenye kibodi hupatikana kwa Ctrl na Z kwa sababu Z ni herufi ya 26 ya alfabeti. Mwaka 1980 kijana wa miaka 24, Tim Paterson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Seattle Computer Products, aliandika mfumo wake mwenyewe akitaka programu za CP/M zihamie kwake bila shida kubwa. Mfumo wa Paterson ulijua urefu wa kila faili hadi baiti ya mwisho, na haukuihitaji tena alama ile. Hata hivyo aliibakiza, kwa kuwa programu za watu zilikuwa zimezoea kuitafuta. Julai 1981 Microsoft ikaununua mfumo huo, na tarehe 12 Agosti IBM ikautangaza pamoja na kompyuta yake mpya, IBM PC.

Mwisho wa mstari nao una asili yake. Windows humalizia kila mstari wa maandishi kwa baiti mbili, 13 na 10. Ya kwanza inaamuru kichwa cha kuchapia kirudi kushoto, ya pili inaamuru karatasi ipande mstari mmoja. Amri hizo zilikusudiwa mashine za teletaipu, kama ile Model 33 ya mwaka 1963, ambazo zilikuwa na chuma halisi cha kurudisha na karatasi halisi ya kusogeza. Watu wa mfumo endeshi wa Unix, kule Bell Labs, walitosheka na baiti moja, 10. Ndiyo maana kwa miaka mingi faili lililotoka kwenye seva ya Linux lilipofunguliwa kwa Notepad lilijikunja kuwa mstari mmoja mrefu usiosomeka. Notepad ipo tangu Windows ya kwanza kabisa, mwaka 1985. Ilianza kuelewa mwisho wa mstari wa Unix mwaka 2018.

Nimeanza na baiti hizi kwa makusudi. Faili la maandishi huonekana kitu cha chini kabisa katika kompyuta, kisicho na rangi wala jedwali wala picha, na watu hulidharau. Lakini ndilo faili pekee ambalo mtu wa kawaida anaweza kulisoma kwa macho yake, kuliandika kwa mkono wake, na kulifanya liiamrishe mashine. Historia ya skripti za Windows ni historia ya uwezo huo: nani alipewa, kwa masharti gani, na ulipotumiwa vibaya nini kilifuata.

Tangu toleo lake la kwanza DOS, yaani ule mfumo wa Paterson ulionunuliwa na Microsoft, ilikuwa na mafaili ya .BAT. Hayo yalikuwa maandishi tu, kila mstari amri moja, na mashine iliyasoma kuanzia juu hadi chini ikitekeleza. Kilichokosekana ni njia ya kuhifadhi majibu. Machi 1983 toleo la 2.0 likaleta alama zilizoazimwa Unix, na si ajabu, kwani Microsoft yenyewe wakati huo ilikuwa inauza Unix yake kwa jina la Xenix. Alama ya > ilichukua kile ambacho kingeonekana kwenye skrini na kukimwaga ndani ya faili. Alama ya >> ilifanya hivyohivyo lakini ikiongezea mwishoni bila kufuta yaliyotangulia. Karani aliyetaka orodha ya mafaili ya folda yake aliandika dir > orodha.txt, na orodha ikawa yake, ya kuchapisha au kuhifadhi, bila kumwomba mtaalamu yeyote.

Zana hizo zilikuwa na mitego, na mmoja ni wa kuangaliwa kwa karibu. Julai 1993 Windows NT ilitoka na kidirisha kipya cha amri, cmd.exe. Tuseme mwenye duka anaweka madeni kwenye faili, na skripti yake inaandika echo Amina 5>> madeni.txt, akimaanisha kwamba Amina anadaiwa elfu tano. Kwenye skrini linatokea neno Amina peke yake, na kwenye faili hakuna kilichoongezeka. Kwa cmd.exe, tarakimu moja iliyogusana na alama ya > na kuachiwa nafasi kabla yake huhesabiwa kuwa namba ya mkondo wa kupitishia data. Ile tano imemezwa. Ukiweka nafasi kati ya 5 na >> deni linaandikwa, lakini na hiyo nafasi nayo inaandikwa mwishoni mwa mstari, na siku utakapolinganisha mistari miwili inayofanana kwa macho, mashine itakuambia ni tofauti. Kusoma faili mstari kwa mstari kulikuja na amri ya FOR /F katika NT 4.0, mwaka 1996. Nayo huruka mistari mitupu bila kusema, pamoja na mistari inayoanza kwa nuktamkato. Watu walijifunza haya kwa kuumia, wakaambizana.

Wakati huohuo Windows ilikuwa imeshajaa madirisha, vitufe na picha, na mafaili ya .BAT hayakuweza kugusa hata robo ya kilichokuwa kinaendelea. Lugha iliyokuja kuziba pengo ilitoka mahali pasipotarajiwa, yaani kwenye vita vya vivinjari. Desemba 1995 kampuni za Netscape na Sun zilitangaza JavaScript, lugha ya skripti za kurasa za tovuti. Agosti 1996 Microsoft ikajibu kwa kivinjari chake, Internet Explorer 3, ndani yake kukiwa na lugha mpya, VBScript. Ilikuwa mjukuu wa BASIC, lugha ambayo John Kemeny na Thomas Kurtz waliiwasha kwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 katika chuo cha Dartmouth, New Hampshire, kwa nia ya kuwapa kompyuta hata wanafunzi wasiosoma hesabu wala sayansi. Nia hiyo ilirithiwa. VBScript ilisomeka karibu na Kiingereza cha kawaida, haikudai alama nyingi, na mtu aliyewahi kurekodi makro ndani ya Excel aliielewa kwa siku chache.

Katika vivinjari ilishindwa. Netscape haikuikubali, na tovuti iliyoitumia ilifunguka kwa Internet Explorer peke yake. Lakini walioibuni walifanya jambo moja la busara ambalo ni lazima tulikumbuke, kwa sababu mengi yaliyofuata yanatokana nalo. Visual Basic, mzazi wake wa karibu, ilikuwa na amri za kufungua faili, kusoma na kuandika. VBScript ilinyang'anywa amri hizo zote. Lugha inayopokea skripti kutoka kwa mtu usiyemjua, aliye upande wa pili wa intaneti, haikupaswa kugusa diski ya mtu.

Kisha uwezo huo ukarudishwa kwa mlango wa pembeni. Seva za tovuti za Microsoft zilianza kutumia VBScript, na seva haina maana kama haiwezi kusoma wala kuandika faili. Ikaundwa zana ya nje, FileSystemObject, inayokaa ndani ya faili la mfumo liitwalo scrrun.dll. Lugha yenyewe ilibaki haina mikono. Iliazima mikono ya zana hiyo pale tu iliporuhusiwa. Ndani ya kivinjari zana ilizuiwa. Tarehe 25 Juni 1998 Windows 98 ikatoka na Windows Script Host, programu iliyoiwezesha skripti ya VBScript kukimbia moja kwa moja juu ya Windows, nje ya kivinjari chochote, na huko hapakuwa na kizuizi. Mtu aliandika mistari yake kwa Notepad, akahifadhi kwa kiendelezi cha .vbs, akabofya mara mbili, na kazi ikaanza.

Kufungua faili la maandishi kwa zana hiyo kulihitaji kutaja namba moja kati ya tatu. Namba 1 ni kusoma. Namba 2 ni kuandika upya. Namba 8 ni kuongezea mwishoni. Hakuna kwingine pa kwenda, na kila aliyewahi kuandika skripti za Windows anazo namba hizi kichwani, kwa kuwa VBScript haikuyajua majina yake ya maneno mpaka uyatangaze mwenyewe juu ya skripti. Ukifungua kwa 1, unaita ReadLine ikupe mstari mmoja, unauliza kama umefika mwisho, unaita tena. Au unaita ReadAll upate faili zima kwa mkupuo. Lakini faili likiwa tupu, ReadAll inasimamisha kila kitu kwa kosa namba 62, hivyo mzoefu huuliza kwanza ukubwa wa faili. Ukifungua kwa 8, unaandika faili.WriteLine "Amina 5000" na mstari unakaa chini ya ile ya jana na ya juzi.

Namba 2 ndiyo ya kuogopwa. Faili likifunguliwa kwa 2, yaliyokuwemo yanafutwa papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja. Anayeandika 2 mahali pa 8 amefuta daftari la mwaka mzima kwa tarakimu moja, na Windows haitamuuliza kama ana uhakika. Tena namba hiyo haiepukiki, kwa kuwa zana hii haiwezi kubadili neno lililo katikati ya faili. Njia ni kufungua kwa 1, kusoma vyote, kubadili neno ukiwa umevishika kwenye kumbukumbu, kufunga, kufungua tena kwa 2, na kuandika vyote upya. Kati ya kufungua kwa 2 na kumaliza kuandika kuna upenyo mfupi ambapo data ipo kwenye kumbukumbu tu, na kwenye diski hakuna kitu. Kwa anayefanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, upenyo huo si nadharia. Waliokomaa katika kazi hii huandika kwanza kwenye faili la pembeni, wakishalifunga ndipo hulibadilisha jina.

Pamoja na hatari hizo, zana ile iliwafaa watu wengi. Mtunza mtandao aliyekuwa na kompyuta mia aliandika skripti moja ya kusoma majina ya mashine kutoka kwenye faili, kuzipitia moja moja, na kuandika kwenye faili la pili ni ipi diski yake inakaribia kujaa. Mhasibu aligeuza ripoti ya benki yenye mistari elfu kadhaa iingie kwenye programu ya ofisi. Hawakununua kitu. Kila kilichohitajika kilikuwa tayari kwenye mashine, na kila walichotengeneza kilikuwa maandishi ambayo mwenzao angeweza kuyafungua akaona yanavyofanya kazi.

Alhamisi tarehe 4 Mei 2000, kuanzia Ufilipino, barua pepe ilianza kuzunguka dunia ikifuata asubuhi kutoka Asia hadi Ulaya hadi Marekani. Kichwa chake kilikuwa tamko la mapenzi, na kiambatisho chake kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, huficha herufi zinazofuata nukta ya mwisho kama inazijua. Mpokeaji aliona jina linaloishia na TXT. Aliona faili la maandishi, kitu ambacho kila mtu alijua hakina madhara, akabofya.

Mistari ya kirusi kile haina uchawi wowote, na mtu aliyesoma maelezo ya hapo juu anaweza kuifuata. Kwanza skripti inalifungua faili lake yenyewe kwa namba 1 na kujisoma yote kwa ReadAll. Sasa imejibeba ndani ya kumbukumbu. Kisha inapita kila diski, kila folda, na folda zilizo ndani ya folda. Ikikuta picha ya .jpg, inaifungua kwa namba 2, inajimwaga humo, na kufunga. Picha ya harusi imegeuka nakala ya kirusi; halafu inapewa jina lilelile lenye .vbs mwishoni, na jina la awali linafutwa. Miziki ya .mp3 ilibahatika kidogo: ilifichwa tu, na nakala ya kirusi yenye jina lake ikawekwa kando. Tena, kupitia Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, barua ilijituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani, ikionekana imetoka kwa rafiki. Ndani ya siku chache mamilioni ya kompyuta yalikuwa yameambukizwa, na Bunge la Uingereza lilikuwa miongoni mwa waliolazimika kuzima barua pepe zao.

Uchunguzi uliishia Manila kwa Onel de Guzman, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta cha AMA, ambako pendekezo lake la utafiti kuhusu kuchukua nywila za intaneti za watu wengine lilikuwa limekataliwa. Ufilipino haikuwa na sheria iliyoligusa kosa hilo. Sheria ya biashara ya kielektroniki ilisainiwa tarehe 14 Juni 2000, wiki sita baada ya tukio, na haikuweza kurudi nyuma. Agosti mashtaka yakafutwa. Mwaka 2020 ndipo kilipochapishwa kitabu ambamo de Guzman alimkiria mwandishi wa habari kwamba kazi ile ilikuwa yake, na kwamba alitaka nywila za wengine kwa sababu hakuwa na pesa za kulipia intaneti.

Wengi waliilaumu Windows Script Host, na watunza mitandao wengi waliizima kabisa kwenye mashine zao. Sikubaliani na lawama hiyo kwa jinsi ilivyotolewa. Uwezo wa kufungua faili kwa 1 na kuandika kwa 2 ulikuwa haki ya mwenye kompyuta, na bila huo mashine si yake. Makosa yalikuwa mawili mengine. La kwanza ni kwamba kubofya mara mbili, kitendo ambacho watu walifundishwa kuwa ni kufungua na kutazama, kilifanywa pia kuwa kitendo cha kutekeleza amri. La pili ni kuficha kiendelezi, yaani kumnyima mtu herufi tatu ambazo zingemwambia ukweli. La kwanza Microsoft ilikuja kulisahihisha, kama tutakavyoona. La pili lipo hadi leo: Windows 11 mpya, iliyotoka dukani, bado inaficha viendelezi mpaka uende mwenyewe kwenye mipangilio ukaiamuru ivionyeshe. Namsihi kila mtu afanye hivyo leo, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Juni 2000 Microsoft ilitoa maboresho ya Outlook yaliyozuia viambatisho vya .vbs na vya namna hiyo. Barua pepe ikawa ngumu zaidi kupenyeka, lakini skripti zenye nia mbaya zilipata usafiri mwingine, na usafiri huo Afrika Mashariki unaufahamu vizuri. Mwaka 2013 watafiti wa usalama waliandika habari za H-worm, kirusi kilichoandikwa kwa VBScript na mtu aliyejiita Houdini, kilichosafiri kwa flashi. Kinayaficha mafaili yako halisi na mahali pake kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati, kirusi kinaamka na baadaye kinakufungulia faili ulilotaka, usishuku kitu. Vikiwa vya Houdini au vya wengine, virusi vya shotikati vimewakuta wanafunzi wengi waliopeleka kazi zao stesheneri kuchapisha. Na dawa yake ikazagaa mdomo kwa mdomo, mstari mmoja wa amri ambao vijana wa stesheneri na intaneti kafe waliujua kwa moyo: attrib -h -r -s /s /d, ukitanguliwa au kufuatwa na herufi ya flashi. Wengi waliuhifadhi ndani ya faili la .bat juu ya dawati la kompyuta ili mteja akija wabofye tu. Kirusi kilikuwa faili la maandishi, na tiba nayo ilikuwa faili la maandishi.

Kuna upande mwingine ambao hauna mwizi wala askari, lakini nao umesumbua watu wengi: herufi zenyewe. DOS ya Marekani ilitumia jedwali la herufi namba 437, Windows ya Marekani na Ulaya Magharibi ikatumia jedwali namba 1252. Herufi za kawaida a hadi z zina namba zilezile kote, na Kiswahili kwa bahati nzuri hakina herufi zenye vialama. Mtu wa Lubumbashi mwenye majina ya Kifaransa kwenye orodha yake hakuwa na bahati hiyo: André aliyeandikwa kwa Notepad, akasomwa na kidirisha cha amri cha jedwali 437, alitokea AndrΘ, herufi ya Kigiriki mwishoni.

Bahati ya Kiswahili inaishia kwenye ng'. Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda bila kukuuliza. Ritifaa hiyo iliyopinda ni baiti moja katika jedwali la 1252, namba 146, na ni baiti tatu katika UTF-8, namna ya kuandika herufi za lugha zote: 226, 128 na 153. FileSystemObject ilijua namna mbili tu za maandishi, jedwali la mashine ilipo na Unicode ya baiti mbili mbili. UTF-8 haikuijua kabisa. Ipe faili la UTF-8 lenye neno ng'ombe kutoka Word, litokalo ni ngâ€™ombe. Na hata pasipo kuharibika kwa kuonekana, skripti inayotafuta ng'ombe kwa ritifaa iliyonyooka haitampata yule wa ritifaa iliyopinda. Anayetengeneza kamusi, orodha ya majina ya vijiji au matokeo ya mitihani ana sababu ya kuanza kazi yake kwa kuzigeuza ritifaa zote ziwe za aina moja. Kwa UTF-8 ilibidi waandishi wa VBScript waazime zana nyingine, ADODB.Stream, iliyotengenezwa kwa ajili ya hifadhidata.

Inasikitisha zaidi ukijua kwamba UTF-8 ilibuniwa na Ken Thompson na Rob Pike Septemba 1992, miezi kabla ya Windows NT kutoka. Lakini NT ilikuwa imeshajengwa juu ya baiti mbili kwa kila herufi, na uamuzi huo ukaburuta miongo. Notepad ya Windows 2000 na XP ilipofungua faili ililazimika kubahatisha ni maandishi ya aina gani. Sentensi fupi ya Kiingereza yenye maneno ya herufi 4, 3, 3 na 5, ikiwa peke yake ndani ya faili, iliweza kufunguka kama herufi za Kichina.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Jeffrey Snover, aliyeingia Microsoft mwaka 1999. Alijaribu kwanza kuhamishia Windows zana za Unix, ambako karibu kila mpangilio wa mfumo ni faili la maandishi na mjuzi wa kukata na kuchuja mistari anaweza kutawala mashine nzima. Haikufaa. Windows haikuweka siri zake kwenye maandishi. Iliziweka nyuma ya programu zinazojibu zikiulizwa kwa utaratibu maalumu. Agosti 2002 Snover akaandika waraka wa mfumo aliouita Monad, ambamo amri hazipeani mistari ya maandishi bali vitu kamili vyenye sifa zake, na maandishi huja mwishoni tu, kwa ajili ya macho ya binadamu. Kwa kushikilia wazo hilo alishushwa cheo, jambo ambalo amelieleza mwenyewe hadharani. Novemba 2006 mfumo ulitoka ukiwa na jina la PowerShell.

Hapa ndipo lile kosa la kwanza lilipokuja kusahihishwa. Skripti ya PowerShell ina kiendelezi cha .ps1, na ukiibofya mara mbili haiendi kazini: kwa miaka mingi ilifunguka ndani ya Notepad ikasubiri kusomwa. Na kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani kukimbiza skripti kulizuiwa mpaka mwenye mashine aruhusu mwenyewe.

Kwenye mafaili namba tatu zikawa majina: Get-Content husoma, Set-Content huandika upya, Add-Content huongezea. Herufi bado zilisumbua. Katika toleo la 5.1, ambalo limo ndani ya Windows 10 na 11, alama ya > huandika kwa baiti mbili mbili, ilhali Set-Content huandika kwa jedwali la mashine. Ukianza faili kwa Set-Content ukaliongezea kwa >>, nusu ya chini inaonekana ina mapengo kati ya herufi. Agosti 2016 PowerShell ilifunguliwa kwa umma na kupelekwa Linux na macOS, na toleo la 6, Januari 2018, likafanya UTF-8 kuwa kanuni kila mahali. Notepad ikafuata mwaka 2019.

VBScript ilibaki mahali pake bila kuguswa, ikifanya kazi za usiku kwenye seva ambazo hakuna aliyekumbuka nani aliziweka. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba inastaafishwa. Mei 2024 ikaeleza hatua zake: kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 ni kipengele cha hiari ambacho bado kimewashwa; karibu mwaka 2027 kitakuja kikiwa kimezimwa; baada ya hapo kitaondolewa kabisa. FileSystemObject yenyewe haimo katika hukumu hiyo, maana inakaa scrrun.dll na makro za Excel zinaendelea kuitumia. Mhasibu anayefungua faili kwa 8 kutoka ndani ya Excel hana haja ya kubadili chochote.

Ofisi zenye skripti za zamani zina muda, lakini si mwingi, na kazi ya kwanza ni kujua zipo wapi. Amri ya dir C:\*.vbs /s /b > orodha.txt inapita diski nzima na kuandika anwani ya kila skripti kwenye faili moja. Nyingi zitakuwa za Windows yenyewe. Zinazobaki ni za ofisi. Kila moja itafunguka kwa Notepad, na aliyeiandika hata kama alishastaafu, mrithi wake anaweza kuisoma mstari kwa mstari, akaona wapi inasoma, wapi inafuta na wapi inaongezea, akaiandika upya kwa PowerShell.